Kiti Kilichoelekea Ukutani

Jumatatu, 6 Januari

Nimeripoti kazini saa moja asubuhi. Ofisi ya geti la juu ni chumba kimoja chenye dirisha, meza, kiti, jiko la gesi na redio ya upepo. Nje ya dirisha ndipo inapoanzia Njia ya Kona Ishirini na Moja, inayoshuka korongoni mpaka mtoni na kijiji cha Llauca. Watembeaji huchukua saa tatu kushuka na saa tano kupanda. Kazi yangu ni kumwandika kila anayeshuka: jina, nchi, saa. Akirudi, naandika saa tena. Jioni safu mbili lazima zilingane. Zisipolingana, kuna mtu amebaki njiani, na mhifadhi wa njia anakwenda kumtafuta.

Mkuu wa geti, Don Abelardo Zegarra, alinieleza haya akiwa amesimama, kofia mkononi. Mkataba wangu ni wa majaribio, unaisha Juni.

"Bi Nilda," aliniambia, "hapa hatupendi mambo makubwa. Tunapenda safu mbili zinazolingana."

Hilo naliweza. Nimesoma miaka mitatu chuo cha utunzaji wa kumbukumbu huko Arequipa. Nilikuwa nikijiambia hivyo njia nzima ndani ya basi.

Jumanne, 7 Januari

Walishuka kumi na tisa, wakapanda kumi na tisa.

Alhamisi, 9 Januari

Nimefanya kosa, ila limechekesha watu tu. Mzee mmoja alikuja na nyumbu wake akishuka, nikamsimamisha dirishani.

"Jina lako tafadhali, mzee."

"Langu?" Aliangalia nyuma kama kuna mwingine. "Binti, njia hii babu yangu aliichonga kwa mtarimbo. Yeye hakuandikwa, ndiyo niandikwe mimi?"

Casiano, mhifadhi wa njia, alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwache apite, Nilda! Huyo ni Toribio Ccama, hakimu wa maji wa Llauca. Ndiye anayefungua mfereji na kuufunga. Ukimuudhi, huko chini watanawa uso kwa mate."

"Na wewe Casiano utaoga lini?" mzee akamjibu. "Maji unayo, sababu huna."

Don Abelardo akanieleza baadaye. Watu wa korongoni hawaandikwi. Wao si watembeaji, wanakwenda kwao. Nilikuwa nimeshaandika "Tor". Nikafuta.

Alhamisi, 16 Januari

Mvua imeanza kweli. Kila asubuhi nasoma kipimo nyuma ya ofisi. Kanuni imebandikwa ukutani: ikizidi milimita ishirini na tano, ubao mwekundu unatundikwa na njia inafungwa kwa kila mtu. Leo ilikuwa thelathini na moja. Nilitundika ubao. Vijana wawili wa Kifaransa walinitolea maneno kisha wakaondoka.

Saa tatu akaja Mama Eulogia, anayeuza jibini kijiji cha huku juu na kufuga mbuzi upande wa chini. Ana miguu katika vijiji vyote viwili.

"Imefungwa, mama."

"Imefungwa kwa nani? Mbuzi wangu wanajua kusoma ubao?"

Sikujua la kufanya. Nikimruhusu navunja kanuni. Nikimkataza namzuia mtu kwenda nyumbani kwake. Casiano aliingia, akashika kiti changu nami nikiwa juu yake, akakizungusha mpaka nikawa naangalia ukuta.

"Ndivyo tunavyofanya," alisema. "Ukiwa umeangalia ukuta, hukuona mtu. Hukuona mtu, hukuvunja kanuni. Na yeye hajakudharau mbele ya macho yako. Kila mtu na heshima yake."

Nikasikia bawaba ya geti, kisha malapa ya mpira yakishuka. "Ahsante, mwanangu," akasema Mama Eulogia huko nje. Nilihesabu mpaka hamsini ndipo nikageuka.

Ijumaa, 17 Januari

Milimita ishirini na nane. Ubao. Kiti mara nne.

Jumatatu, 20 Januari

Nilimuuliza Don Abelardo kama makao makuu wanajua habari za kiti. Alikuwa anamenya kiazi.

"Makao makuu kuna viti vingi," alisema. "Hiki hawana haja nacho."

Alinimegea nusu ya kiazi. Ni mtu mpole. Amebakiza miaka miwili kustaafu.

Jumatano, 29 Januari

Siku tisa za mvua bila kupumzika, sita kati yake za ubao mwekundu. Sasa nawajua watu kwa masikio. Mama Eulogia ni malapa. Mwalimu wa shule ya Llauca hupiga mluzi. Mzee Toribio akishapita geti hukohoa kikohozi kikavu, hutema mate, kisha husema neno la kunichokoza. Ananiita Binti wa Orodha. Leo aliniuliza kama ukuta umeshanichumbia.

Jumatatu, 3 Februari

Casiano amerudi kutoka juu ya kona ya saba. Kuna ufa kwenye mteremko. "Naingiza mkono mpaka kiwiko," alisema, akatuonyesha mkono wenye tope mpaka kiwiko. Don Abelardo alipiga redio. Walijibu atakuja mhandisi, tusubiri. Casiano anawaambia watu wa Llauca wakifika kona ya saba wasisimame kupumzika. Wanaitikia.

Jumanne, 4 Februari

Thelathini na tatu.

Jumanne, 11 Februari

Mhandisi hajaja. Don Abelardo alimwambia Casiano awazuie na watu wa Llauca sasa.

"Nimzuieje Toribio asiende kufungua maji yake?" Casiano alisema. "Nikalale kwenye njia? Atanivuka."

"Basi tuendelee kuangalia ukuta," alisema Don Abelardo, akatoka kwenda kuangalia gari.

Jumatatu, 17 Februari

Mzee Toribio alipanda leo kwa kikao cha mfereji katika kanisa la huku juu. Atalala kwa dada yake. Aliniletea parachichi mbili ndani ya kofia. "Moja yako, moja ya mchumba wako," alisema, akinyooshea ukuta kidole.

Jumanne, 18 Februari

Sasa ni saa nane mchana. Naandika kwa mfuatano.

Kipimo cha asubuhi kilikuwa thelathini na saba. Ubao nilitundika saa kumi na mbili na nusu. Hakuja mtembeaji hata mmoja, ukungu ulifika mpaka dirishani.

Saa mbili na dakika hamsini nilisikia hatua kwenye kokoto. Nikageuza kiti. Siku hizi sisubiri kuambiwa. Niliangalia kalenda. Bawaba ikalia. Kikohozi kikavu, mate, kisha: "Baki salama, Binti wa Orodha." Kwato za nyumbu sikuzisikia.

"Uende salama, mzee," nikauambia ukuta.

Saa nne kasoro dakika tano vikombe vilianza kugongana rafuni. Nilidhani ni lori, ila barabara ya malori iko mbali. Kisha nikasikia kama magunia ya viazi yanamwagwa, mengi, bila kuisha. Halafu ukimya. Halafu mawe machache yaliyochelewa.

Don Abelardo na Casiano walikimbilia ukingoni. Ukungu ulifunguka kidogo, wakaona. Kona ya saba, ya nane na ya tisa hazipo. Casiano akaenda kufunga njia kwa kamba kwenye kona ya kwanza. Don Abelardo akaingia ofisini.

"Daftari?"

"Tupu, Don Abelardo."

Akachukua redio. "Njia ilikuwa imefungwa. Ubao ulitundikwa saa kumi na mbili na nusu. Hakuna mtu. Narudia, hakuna mtu."

Alipoiweka chini nikasema, "Mzee Toribio alipita."

"Ulimwona?"

"Nilikuwa nimegeuza kiti."

"Basi hukumwona."

"Nilimsikia. Alinisemesha."

"Saa ngapi?"

Nikamwambia. Alihesabu kwa vidole. "Saa nzima na zaidi. Mtu wa Llauca kwa saa nzima ameshapita kona ya kumi. Sasa hivi amekaa kwa mkewe anakunywa supu." Alikunja vidole. "Nimeshatoa ripoti, Nilda. Nirudi redioni niwaambie karani wangu amesikia kikohozi? Wataniuliza geti lilifunguliwa na nani." Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha: "Mkataba wako unafika Juni, sivyo?"

Nikasema ndiyo.

Simu ya Llauca haiiti. Mlingoti wa waya ulikuwa kona ya nane.

Jumatano, 19 Februari

Nimepiga hesabu nyuma ya karatasi ya kipimo cha mvua. Mtembeaji hutumia dakika nane na nusu kwa kila kona; kwa dakika sitini na tano angekuwa ndani ya ya nane. Mtu wa Llauca hutumia kama dakika sita. Angekuwa anaikaribia ya kumi na moja, amepona. Mzee Toribio ni wa Llauca. Lakini ana miaka sitini na nane, na njia ilikuwa inateleza. Nikimpa dakika saba, ameivuka ya tisa kwa dakika mbili. Nikimpa saba na nusu, yuko ndani ya ya tisa. Nimerudia mara kumi na moja. Kila mara jibu linatokana na ninachotaka.

Casiano aliondoka alfajiri kwenda Llauca kwa njia ya mzunguko ya Daraja la Chini, kuangalia kama kijiji kimeumia. Hawezi kurudi kabla ya keshokutwa. Alipitia dirishani kuchukua betri.

"Una ujumbe wowote wa Llauca?"

Alisimama pale akisubiri, anabonyeza tochi kuijaribu. Nafasi nilikuwa nayo.

"Hapana," nikasema.

Alhamisi, 20 Februari

Ishirini na mbili. Dukani nilimkuta Mama Eulogia ananunua chumvi. Alikuwa akimwambia muuza duka kwamba Toribio ana bahati ya ajabu. Dada yake anasema aliondoka Jumanne asubuhi, kwa hiyo alipita kabla ya mlima kuanguka. "Yule hata kifo kinamwogopa mdomo," alisema, wakacheka. Nilinunua kiberiti. Kiberiti kiko tele ofisini.

Mchana nilikwenda ukingoni. Ukungu mtupu, na sauti ya mto. Nilitaka kuita jina lake. Nikageuka nikamwona Don Abelardo dirishani ananiangalia. Nikarudi ndani. Sikuita.

Nilikula. Nililala kwa saa zangu za kawaida. Nayaandika haya kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 21 Februari

Casiano aliingia saa sita mchana, tope mpaka mapajani, akaomba chai ya majani ya koka kabla ya salamu. Don Abelardo alikuwa mezani kwangu. Casiano alisema Llauca ni salama. Mfereji umekatika sehemu moja, mbuzi wawili wamekufa, watu wote wapo.

"Isipokuwa mna mtu wao," alisema, akipuliza chai. "Mke wa Toribio ananituma kwenu. Mwambieni mume wangu, anasema, kama amepata mke mwingine huku juu, sawa, huyo huyo ndiye amfulie, ila arudishe ufunguo wa mfereji." Alicheka mwenyewe. Alituangalia. "Kwani yuko wapi? Kwa dada yake bado?"

Don Abelardo alikuwa anaangalia mikono yake.

"Alishuka Jumanne," nikasema. "Saa mbili na dakika hamsini. Nilikuwa nimegeuza kiti. Alikohoa, akaniaga."

Casiano hakuniuliza kwa nini sikusema. Aliweka kikombe chini, kikakosa meza. Alichukua kamba ndefu na akatoka akipiga filimbi ya kuita watu, na kabla chai haijamaliza kutiririka sakafuni wanaume wanane walikuwa getini, na Mama Eulogia nyuma yao na blanketi.

Walimpata saa tisa. Alikuwa kwenye kibaraza cha mwamba chini ya kona ya tisa, mita kumi na tano tu kutoka ilipokuwa njia. Kumbe dakika saba na nusu.

Mguu ulikuwa umevunjika. Alikuwa ameufunga kwa mshipi wake na kipande cha ubao wa alama ya njia. Mganga wa zahanati alikuja, akainama kwa muda mrefu, kisha akamwambia Casiano, na Casiano akaja akaniambia mimi, akiwa amekaa chini sakafuni na mgongo wake mlangoni.

"Anasema Jumanne alikuwa bado hai. Jumatano pia, kwa hakika. Jana hajui."

Nilifunga daftari.

"Juzi nilikuuliza kama una ujumbe."

"Ndiyo."

"Mimi ndiye niliyekufundisha hicho kiti," alisema. Aliinuka, akakitoa nje, akakiacha kwenye mvua. Jioni nikakirudisha ndani, maana hakuna kingine.

Jumamosi, 22 Februari

Jua. Kipimo sifuri.

Jumapili, 23 Februari

Amezikwa huku juu, kwa kuwa jeneza haliwezi kupita mzunguko. Mpwa wa Casiano alikwenda kuwaita wa Llauca na walifika asubuhi, watu kama thelathini, miguu imevimba. Nilisimama nyuma kabisa. Don Abelardo alibeba upande mmoja wa jeneza. Alilia wazi, bila kujificha, na nilipomwona nikagundua kwamba simwogopi tena. Wala simchukii. Nilitafuta ninachohisi nikakuta natazama viatu vya watu, nikivihesabu jozi jozi.

Jumatatu, 24 Februari

Asubuhi alikuja mpelelezi kutoka wilayani. Don Abelardo alikuwa ameandaa maelezo ya ukurasa mmoja: ubao ulitundikwa kwa wakati, marehemu aliingia njiani bila karani kumwona. Kila sentensi ilikuwa ya kweli.

"Weka sahihi hapo chini," aliniambia. "Hukumwona. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi."

"Naomba karatasi nyingine."

"Nilda. Kiti usikiandike. Ukikiandika, si mimi na wewe tu. Wataweka kufuli getini, na hawa watu wataanza kushuka kwa kupitia kwenye majabali. Fikiri."

Nilifikiri. Huenda ni kweli. Niliandika kurasa mbili na nusu kwa mwandiko wa chuo: kiti, nani alinifundisha, Don Abelardo alijua nini na lini, kikohozi, saa. Niliandika kwamba kuanzia Jumanne saa nne asubuhi mpaka Ijumaa saa sita mchana nilijua na nilinyamaza, na kwamba Jumatano niliulizwa nikasema hapana. Mpelelezi aliuliza kama nina hakika. Nikasema nimeshazisoma mara mbili. Don Abelardo alivaa kofia akatoka.

Alasiri alikuja mke wa marehemu, Mama Basilia. Ni mfupi, mpana, ana shali nyeusi ya kuazima inayoburuta. Alisimama dirishani wanaposimama watembeaji.

"Wewe ndiye karani?"

"Ndiyo, mama."

"Wanasema wewe ndiye uliyesema alipo."

"Nilisema Ijumaa, mama. Nilikuwa najua tangu Jumanne."

Nilimweleza yote, kwa mfuatano. Nilimwambia na habari ya dukani na ya ukingoni. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza neno moja tu.

"Uliogopa nini?"

"Kufukuzwa kazi."

Aliangalia chumba, dirisha mpaka jiko, kama mtu anayepima ukubwa wa kitu.

"Kesho ni siku ya tano tangu mlipompata," alisema. "Tunafua nguo zake mtoni, hapa juu kwenye daraja la mawe. Ndugu hawafui, unajua hilo. Hufua watu baki, na huku juu watu baki sina wengi. Uje saa mbili. Usivae viatu vizuri."

Jumanne, 25 Februari

Nilikwenda. Tulikuwa wanne: mimi, Mama Eulogia, mwalimu na mwanamke mmoja nisiyemjua. Ndugu walikaa juu ya mawe upande wa pili, wanatafuna koka, kama inavyotakiwa, bila kugusa maji. Mwalimu alipewa mashati. Mama Eulogia alipewa suruali, akaanza kuzisema: "Tazama haya magoti! Huyu mtu alikuwa anatembea au anatambaa?" Wakacheka upande wa pili, hata dada yake. Inaruhusiwa. Mimi nilipewa poncho, blanketi la kuvaa lenye tundu la kichwa, aliyokuwa ameivaa.

Ilikuwa ya sufu, nzito, imeshika udongo mwekundu kila uzi. Nilipiga magoti majini. Maji ni ya barafu, baada ya muda mfupi vidole havikuwa vyangu tena. Nilisugua kwa mzizi wa sabuni ya porini, nikaisuuza, maji yakaenda mekundu. Nikasugua tena. Mara ya nne yalikuwa ya rangi ya chai. Mara ya saba sikuona tofauti kati ya maji yanayokuja na yanayokwenda, lakini nikaendelea, kwa sababu hakuna aliyeniambia imetosha.

Wenzangu walimaliza, wakapanda kuanika kwenye vichaka. Nilijaribu kuikamua poncho peke yangu. Haiwezekani. Nikikaza upande mmoja, mwingine unaachia, na maji yanarudi yote ndani ya sufu. Nilijaribu kuifunga kwenye jiwe. Nilijaribu kuikanyaga.

Kisha nikaona shali nyeusi ikiwekwa juu ya mawe. Mama Basilia alivua viatu. Dada wa marehemu akamwita, "Basilia, wewe hutakiwi!" na mwingine akasema, "Rudi, mama, ni mwiko." Aliingia majini mpaka magotini. Alishika ncha ya pili, akarudi nayo nyuma mpaka ikanyooka kati yetu, akaizungushia mara moja kwenye mkono wake.

Hakuniangalia. Aliiangalia poncho.

"Wewe kulia," alisema. "Mimi kushoto. Usiachie."